Lugha ya Mabwana na Lugha ya Watwana: Fasihi ya Kirusi na Jamii Yake, 1790–1904

Katika sura ya tatu ya Eugene Onegin, riwaya ya mashairi ya Alexander Pushkin iliyotolewa nzima katika mwaka wa 1833, msichana wa nyumba ya kibwana aitwaye Tatiana anamwandikia barua kijana ampendaye. Barua hiyo imekuwa mashuhuri sana, na watoto wa shule wa Urusi huihifadhi kwa moyo hata leo. Lakini kabla ya kuitoa, mtunzi anasimama kueleza jambo la ajabu, ya kwamba barua yenyewe haikuandikwa kwa Kirusi. Tatiana, asema mtunzi, alikijua Kirusi kwa shida. Majarida ya Kirusi hakuyasoma, na kuyaeleza mambo ya moyo katika lugha ya kwao kulimwia vigumu. Basi aliandika kwa Kifaransa, na mashairi yaliyo mbele ya msomaji ni tafsiri tu. Katika sura iyo hiyo, na usiku ule ule, yumo mtu mwingine asemaye Kirusi kisicho na taka, naye ni yaya wa Tatiana, mwanamke mzee wa watu wa chini, ambaye anamsimulia jinsi alivyoozwa akiwa na umri wa miaka 13, bila ya mtu kumwuliza habari za mapenzi.

Mambo haya mawili, barua ya bibi na masimulizi ya yaya, yakiwekwa pamoja yaonyesha tatizo ambalo fasihi ya Kirusi ya karne ya 19 ilizaliwa ndani yake. Wengi wa wale walioweza kuandika walikuwa mbali na lugha ya nchi, na wale waliokuwa na lugha ya nchi hawakuweza kuandika. Fasihi hiyo husifiwa kote duniani kwa upana wa huruma yake na kwa ujasiri wake wa kuuliza maswali, na aghalabu sifa hizo hutajwa kana kwamba ni tabia ya kuzaliwa ya taifa zima. Historia yaonyesha asili nyingine. Sifa hizo zilitokana kwa sehemu kubwa na hali mbili za jamii: ufa wa lugha uliokuwapo baina ya mabwana na watwana, na kufungwa kwa kila mahali pengine ambapo mambo ya nchi yangaliweza kusemwa waziwazi.

Lugha tatu katika nchi moja

Kwa muda wa karne nyingi Warusi walitumia lugha mbili zilizo ndugu. Kislavoni cha Kanisa kilikuwa lugha ya ibada na ya vitabu. Kirusi cha kusemwa kilikuwa lugha ya nyumbani na sokoni, na pia ya hati za mahakama na za biashara. Kaisari Peter Mkuu, aliyefariki katika mwaka wa 1725, aliitikisa hali hiyo. Aliujenga mji wa Petersburg kuanzia mwaka wa 1703. Katika mwaka wa 1708 akaanzisha herufi mpya za kupigia chapa vitabu visivyo vya dini. Na katika mwaka wa 1722 akawapanga watumishi wa serikali katika ngazi 14 za vyeo. Makabaila walilazimishwa kunyoa ndevu, kuvaa nguo za Ulaya, na kuwasomesha watoto wao elimu ya Ulaya. Kufika wakati wa Malkia Catherine wa Pili, aliyetawala toka mwaka wa 1762 hata 1796, katika nyumba nyingi za wakubwa Kifaransa kilikuwa ndicho lugha ya adabu, ya mapenzi na ya mazungumzo ya heshima. Hivyo lugha zikawa tatu: ya kanisa, ya wakubwa, na ya wote waliosalia.

Wataalamu wa lugha hawakunyamaza. Mikhail Lomonosov, mtoto wa mvuvi wa kaskazini aliyepata kuwa mwanachuo mkubwa wa zama zake, aliandika sarufi ya Kirusi katika mwaka wa 1755, na miaka michache baadaye akaeleza mpango wa mitindo mitatu: mtindo wa juu uliojaa maneno ya Kislavoni, wa kati, na wa chini ulio karibu na usemi wa kila siku. Nikolai Karamzin alitaka lugha ya vitabu ifanane na usemi wa watu waliostaarabika. Lakini kwa kuwa watu hao walisema Kifaransa, alilazimika kutunga maneno na miundo ya sentensi kwa kuigiza Kifaransa. Alexander Shishkov, mwanamaji mwenye cheo kikubwa, alimpinga katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1803, akidai kwamba maneno mapya yachimbuliwe katika Kislavoni. Ubishi huo uliwagawanya waandishi katika kambi mbili kwa muda wa miaka mingi. Ilikuwa vita ya msamiati kwa nje. Kwa ndani ilikuwa vita ya kuamua taifa lirithi nini, na kutoka kwa nani.

Pushkin, aliyezaliwa Moscow katika mwaka wa 1799, hakujifunga na kambi yo yote. Alichukua uzito wa Kislavoni pale ulipofaa, wepesi wa sentensi ya Kifaransa pale ulipofaa, na juu ya hayo akachukua kitu ambacho pande zote mbili zilikipuuza, yaani usemi wa watu wa chini. Alipofungiwa na serikali katika shamba la wazazi wake la Mikhailovskoye, kuanzia mwaka wa 1824 hata 1826, mwenzi wake mkubwa alikuwa Arina Rodionovna, yaya aliyezaliwa katika utwana. Mtunzi aliandika hadithi zake katika daftari, na baadaye baadhi yake zikawa msingi wa ngano zake za mashairi. Yafaa kukumbuka pia kwamba Pushkin mwenyewe alijivunia asili yake ya Kiafrika: babu wa mama yake, Abram Gannibal, alitolewa Afrika akiwa mtoto, akapelekwa Istambul na kisha Urusi kwa Peter Mkuu, ambako alipanda hata kufikia cheo cha jenerali. Jamaa yake ilisimulia kwamba alitoka Uhabeshi; wanachuo wengine wamemweka karibu na Ziwa Chad. Pushkin alianza riwaya juu yake katika mwaka wa 1827, lakini hakuimaliza.

Nchi isiyo na baraza

Lugha peke yake haielezi jambo zima. Urusi ya zama hizo haikuwa na baraza la kutunga sheria lililochaguliwa na raia. Baraza la kwanza, liitwalo Duma, halikukutana mpaka mwaka wa 1906. Vyama vya siasa vilikuwa haramu, na magazeti hayakuruhusiwa kujadili mambo ya serikali ila kwa mipaka mifinyu. Wakati huo huo, mamilioni ya wakulima walikuwa mali ya mabwana. Mtwana wa Kirusi alifungwa na ardhi ya bwana wake, akilima shamba la bwana siku kadhaa za juma au akilipa ushuru; aliweza kuuzwa, kuwekwa rehani, kupigwa, kuozwa kwa amri, au kupelekwa jeshini. Siku utwana ulipofutwa, tarehe 19 Februari, 1861, kwa kalenda ya Warusi ya zamani, watwana wa mabwana peke yao walizidi milioni 20.

Mwandishi wa kwanza kuilipia sana gharama ya kulisema jambo hili alikuwa Alexander Radishchev. Katika mwaka wa 1790 alipiga chapa, katika mtambo wake mwenyewe, kitabu kinachosimulia safari ya kutoka Petersburg kwenda Moscow, na katika kila kituo cha kubadilisha farasi msafiri anaona uovu mmoja wa utwana. Malkia Catherine alikisoma kalamu mkononi, akaghadhibika. Radishchev alihukumiwa kufa, kisha hukumu ikabadilishwa kuwa uhamisho wa miaka kumi katika Siberia. Miaka thelathini na mitano baadaye, tarehe 14 Desemba, 1825, maofisa vijana wa jeshi walijaribu kumzuia Kaisari mpya, Nicholas wa Kwanza, asikalie kiti cha enzi bila ya katiba. Waliposhindwa, watano walinyongwa, mmoja wao mshairi Kondraty Ryleev, na zaidi ya mia wakapelekwa Siberia. Pushkin alikuwa na marafiki miongoni mwao. Kaisari alimwita kutoka shambani katika mwaka wa 1826, akamwambia kwamba tangu siku hiyo yeye mwenyewe ndiye atakayekuwa mkaguzi wa maandishi yake. Upendeleo huo ulikuwa mnyororo: shairi la Mpanda Farasi wa Shaba, lililotungwa mwaka wa 1833, lilirudishwa likiwa na alama za Kaisari pembeni, na halikutoka katika uhai wa mtunzi, aliyeuawa kwa bastola katika pigano la heshima mwaka wa 1837.

Katika hali hiyo mazungumzo ya taifa yalihamia mahali pamoja palipobaki na upenyo, yaani kurasa za riwaya, mashairi na uhakiki. Chombo chake kilikuwa jarida nene la kila mwezi, lenye kurasa mia kadhaa, ambamo sehemu ya riwaya ilikaa pamoja na makala ya sayansi, historia na tahakiki. Jarida la Sovremennik, maana yake mtu wa zama hizi, lilianzishwa na Pushkin katika mwaka wa 1836, na baadaye likaongozwa na mshairi Nikolai Nekrasov mpaka serikali ilipolifunga mwaka wa 1866. Russky Vestnik, lililokuwa upande wa wahafidhina, ndilo lililotoa kwa sehemu Kosa na Adhabu ya Dostoevsky katika mwaka wa 1866, na Anna Karenina ya Tolstoy kuanzia mwaka wa 1875. Wasomaji wa Urusi hawakusubiri kitabu. Walisubiri toleo la mwezi, na katika miji midogo ya mbali toleo moja lilipita mikono mingi.

Mkaguzi wa serikali alipozidi kuwa mkali, waandishi nao walizidi kuwa hodari wa mafumbo. Mikhail Saltykov-Shchedrin, aliyewahi kuwa naibu wa gavana kabla ya kuwa mkejeli mkubwa wa serikali, aliuita usemi huo lugha ya Aesop, kwa jina la yule mtumwa wa Kiyunani aliyewasimulia mabwana hadithi za wanyama. Jamii nzima ya wasomaji ilijifunza kusoma yasiyoandikwa. Mwandishi akieleza hali ya nchi nyingine, msomaji alijua nchi itajwayo. Akitaja majira ya baridi yasiyokwisha, msomaji alielewa. Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu hulifumbua; na katika Urusi ya Nicholas mkaguzi mara nyingi ndiye aliyekuwa mjinga. Mfano mkubwa wa kushindwa kwake ulitokea baadaye, katika mwaka wa 1863, wakati Nikolai Chernyshevsky, akiwa kifungoni katika ngome ya Petersburg, alipoandika riwaya iitwayo Tufanye Nini?, ikapita mikononi mwa wakaguzi, ikatoka katika Sovremennik, na kuwa kitabu cha mwongozo wa vijana wa mapinduzi.

Mhakiki aliyeyafafanua madaraka ya mwandishi katika hali hiyo alikuwa Vissarion Belinsky, mtoto wa daktari wa jeshi la maji, asiye na ukabaila wa jadi wala mali. Mwezi wa Julai, 1847, akiwa mgonjwa wa kifua katika nchi ya Wajerumani, mbali na mkono wa mkaguzi, alimwandikia Nikolai Gogol barua ya hasira kwa kuwa Gogol alikuwa ametoa kitabu cha kusifu utii na utwana. Hoja yake ilikuwa kwamba umma wa Urusi huwatazama waandishi wake kuwa viongozi na watetezi wake wa pekee, na kwa hiyo huweza kumsamehe mwandishi kitabu kibaya, lakini si kitabu chenye madhara. Barua hiyo haikuweza kupigwa chapa. Ilinakiliwa kwa mkono na kusomwa kwa siri. Mmoja wa walioisoma mbele ya wenzao alikuwa Fyodor Dostoevsky. Alikamatwa mwezi wa Aprili, 1849, na kosa kubwa aliloshitakiwa lilikuwa kuisoma barua hiyo. Tarehe 22 Desemba mwaka huo yeye na wenzake walisimamishwa uwanjani mbele ya askari wenye bunduki, na hapo ndipo waliposomewa kwamba Kaisari amewapunguzia hukumu. Alitumikia miaka minne ya kazi ngumu katika gereza la Omsk.

Roho za daftarini na bubu wa uani

Gogol aliyelaumiwa na Belinsky ndiye aliyekuwa ametoa, miaka mitano kabla ya hapo, kitabu kikali kuliko vyote juu ya utwana, pengine bila ya kukusudia hivyo. Nguvu ya kitabu hicho imo katika neno moja. Kodi ambayo Waswahili waliijua zamani za wakoloni kwa jina la kodi ya kichwa, Warusi waliiita kodi ya roho. Na kwa kuwa bwana ndiye aliyejibu kodi ya watwana wake wanaume, utajiri wake ulihesabiwa kwa roho. Daftari la roho lilisahihishwa kila baada ya miaka mingi, wakati wa sensa. Mtwana akifa katikati, aliendelea kuwa hai katika karatasi. Katika Roho Zilizokufa, iliyotolewa mwaka wa 1842, karani mstaafu aitwaye Chichikov azunguka mashambani kuwanunua marehemu hao kwa bei ndogo, ili awaweke rehani kama walio hai. Wakaguzi wa Moscow walishtushwa na jina la kitabu, kwani roho, kwa mafundisho ya dini, haifi. Gogol alilazimika kuongeza mbele yake jina jingine, Safari za Chichikov. Hawakuona kwamba walikuwa wameligusa jambo lenyewe. Lugha ya serikali ilikuwa imelichukua neno la dini na kuligeuza kipimo cha mali, na mwandishi alifanya kazi ya kuzikutanisha tu maana zile mbili. Tamthilia yake juu ya mkaguzi wa serikali, iliyochezwa mwaka wa 1836 mbele ya Kaisari mwenyewe, nayo ilifanya vivyo hivyo kwa lugha ya maofisa. Wasomaji wa Kiswahili wanayo tafsiri yake.

Ivan Turgenev alikwenda hatua moja mbele. Mama yake alikuwa na watwana kwa maelfu, na mambo aliyoyaona utotoni yalimfanya auchukie utawala huo. Michoro yake ya maisha ya mashambani ilianza kutoka katika Sovremennik mwaka wa 1847, ikakusanywa kuwa kitabu, Maandishi ya Mwindaji, katika mwaka wa 1852. Kitabu hicho hakina hotuba wala shutuma. Bwana mmoja aenda kuwinda ndege, akutana na wakulima, asikiliza wanavyosema, na kila mmoja ana akili yake, ucheshi wake na namna yake ya kutamka. Hilo peke yake lilitosha: mkaguzi aliyekipitisha alifukuzwa kazi. Turgenev mwenyewe alikuwa amewekwa kizuizini mwezi mmoja mwaka huo huo kwa sababu ya makala ya kumlilia Gogol, kisha akaamriwa akae shambani kwake.

Katika kizuizi hicho aliandika hadithi ya Mumu. Mtwana Gerasim, mwenye nguvu za watu wanne, ni bubu na kiziwi. Ameng'olewa kijijini kwake na kuletwa Moscow kuwa mlinzi na mfagiaji wa ua wa bibi yake. Mwanamke aliyempenda aozwa mlevi kwa amri ya bibi. Kisha mbwa wake mdogo, kiumbe pekee aliyebaki naye, aamriwa auawe kwa kuwa kubweka kwake kwamsumbua bibi. Gerasim amzamisha mbwa mtoni kwa mikono yake mwenyewe, kisha ajifunga mzigo na kurudi kijijini kwao kwa miguu bila ya ruhusa ya mtu. Hadithi hiyo ilitokana na mtu wa kweli wa nyumba ya mama wa Turgenev; ila yeye hakuondoka. Mwandishi alibadili mwisho tu. Alimpa bubu jibu ambalo maisha hayakumpa, na jibu lenyewe halina neno hata moja ndani yake.

Kuyatafuta maneno ya watu

Kufika katikati ya karne, waandishi wengi walikuwa wameona kwamba kumhurumia mkulima hakutoshi. Yapasa kujua asemavyo. Vladimir Dahl, daktari na ofisa wa serikali ambaye baba yake alikuwa Mdenmark, alitumia maisha yake yote akikusanya maneno vituoni, jeshini na sokoni. Mkusanyo wake wa methali, zipatazo 30,000, ulicheleweshwa kwa miaka kwa kuwa wakubwa waliona ni hatari kuzichanganya hekima za watu na maneno matakatifu; ulitoka mwaka wa 1862. Kamusi yake ya Kirusi kilicho hai, ya majuzuu manne na maneno yapatayo 200,000, ilitoka kati ya mwaka wa 1863 na 1866, na mpaka leo mtafiti hawezi kuiepuka. Dostoevsky naye, katika gereza la Omsk, aliweka kwa siri daftari dogo la misemo ya wafungwa, likiwa na vifungu vinavyokaribia 500. Mingi ya misemo hiyo iliingia katika Nyumba ya Wafu, kitabu chake cha miaka ya 1860. Ndani yake alikiri jambo lililomuuma kuliko pingu: kwamba wafungwa wa asili ya kitwana hawakumpokea kuwa mwenzao, kwani kwao bwana alibaki bwana hata akivaa nguo za kifungo.

Hakuna aliyelichukua tatizo hili kwa uzito kuliko Leo Tolstoy. Vita na Amani inaanzia katika ukumbi wa wakubwa wa Petersburg mwaka wa 1805, na maneno ya kwanza msomaji akutanayo nayo ni ya Kifaransa. Si pambo: katika kitabu hicho Kifaransa ni kipimo. Napoleon anapokaribia Moscow katika mwaka wa 1812, mabibi na mabwana waamua kutozana faini kwa kila neno la Kifaransa, nao wahangaika, maana Kirusi hakiwatoki. Mkulima Platon Karataev, kwa upande mwingine, asema kwa methali tu, wala hawezi kurudia neno alilolisema dakika moja iliyopita, kwa kuwa kwake neno na maisha havijatengana. Katika chapa ya mwaka wa 1873 Tolstoy aliyatoa maneno ya Kifaransa na kuyaweka ya Kirusi.

Nje ya riwaya alifanya kazi ngumu zaidi. Katika shamba lake la Yasnaya Polyana alifungua shule ya watoto wa wakulima katika mwaka wa 1859, na katika mwaka wa 1862 akaandika makala akiuliza nani ajifunze kuandika kwa nani, watoto wa wakulima kwa waandishi, au waandishi kwa watoto wa wakulima. Alikuwa amewapa wanafunzi wake methali waitungie hadithi, akaona kwamba waliijua kazi kuliko yeye. Kitabu chake cha kufundishia kusoma kilitoka mwaka wa 1872, kikashindwa. Alikiandika upya, na chapa ya mwaka wa 1875 ilienea nchi nzima. Kuanzia mwaka wa 1884, pamoja na wenzake, aliendesha nyumba ya vitabu iitwayo Posrednik, yaani mpatanishi, ambayo ilitoa vijitabu vya bei ndogo sana na kuvipitisha kwa wachuuzi waliozoea kuuza vijijini picha na ngano nyepesi.

Waliobaki nje

Historia ya fasihi hii haitakuwa ya kweli kama itawasahau wale ambao haikuwafikia. Wa kwanza ni wasemaji wa lugha nyingine za dola hiyo. Taras Shevchenko, mshairi wa Kiukraine, alizaliwa mtwana katika mwaka wa 1814. Wasanii wa Petersburg walimkomboa kwa fedha katika mwaka wa 1838, na mwaka wa 1840 akatoa diwani yake iitwayo Kobzar. Huyu hakuwa bwana asemaye kwa niaba ya mtwana. Alikuwa mtwana mwenyewe akisema, na kwa lugha ya mama yake. Katika mwaka wa 1847 alikamatwa, akapelekwa uhamishoni kama askari wa kawaida, na Kaisari akaamuru asiruhusiwe kuandika wala kuchora. Belinsky, mtetezi wa watwana, alimdharau. Kisha katika mwaka wa 1863, na kwa ukali zaidi mwaka wa 1876, serikali ilipiga marufuku karibu vitabu vyote vya Kiukraine. Hivyo katika miaka ile ile Kirusi kilipokuwa kikipata heshima yake kamili, lugha jirani ilikuwa ikinyimwa chapa. Lugha iliyoteswa na Kifaransa majumbani mwa mabwana iliwatesa wengine ilipopata nguvu.

Wa pili ni wakulima wa Kirusi wenyewe. Amri ya mwaka wa 1861 iliwapa uhuru, lakini iliwataka wailipie ardhi kwa muda wa miaka 49. Malipo hayo hayakufutwa mpaka mwaka wa 1907. Sensa ya mwaka wa 1897 ilionyesha kwamba katika kila watu 100 wa dola, wapatao 21 tu ndio waliojua kusoma. Maana yake ni kwamba Roho Zilizokufa, Maandishi ya Mwindaji na Vita na Amani, vyote vilimzungumza mkulima mbele ya watu wengine. Vilimsaidia kwa njia ya kuzigeuza nyoyo za waliokuwa na mamlaka, na huo si msaada mdogo. Lakini mazungumzo yalikuwa juu yake, si naye.

Anton Chekhov aliufahamu umbali huo, kwa kuwa alitoka upande wa pili. Babu yake alikuwa mtwana aliyejinunua pamoja na jamaa yake katika mwaka wa 1841. Hadithi yake ya Wakulima, ya mwaka wa 1897, haina Karataev wala hekima ya methali. Ina umaskini, ulevi, kodi na kipigo, na mkaguzi aliamuru ukurasa mmoja utolewe. Tamthilia yake ya mwisho, Bustani ya Micheri, ilichezwa Moscow mwezi wa Januari, 1904, miezi michache kabla ya kifo chake. Humo shamba la mabwana linauzwa kwa mnada, na mnunuzi ni Lopakhin, tajiri ambaye baba yake na babu yake walikuwa watwana katika shamba hilo hilo. Mtumishi mzee, Firs, ambaye huutaja uhuru wa mwaka wa 1861 kama balaa iliyoipata nchi, anasahauliwa ndani ya nyumba iliyofungwa.

Mchezo unaanza alfajiri, nao mabwana hawajawasili kutoka Ufaransa. Lopakhin yumo chumbani na kitabu mkononi. Alikuwa akikisoma ili asilale, akapatwa na usingizi, na sasa akiri kwamba amekisoma asielewe cho chote. Baina ya Tatiana, aliyekuwa na kalamu bila ya lugha ya nchi, na Lopakhin, mwenye lugha ya nchi na hata fedha ya kuinunua nyumba ya mabwana, lakini ambaye kitabu bado hakijasema naye, imepita miaka sabini. Katika miaka hiyo Kirusi kilipata fasihi ambayo lugha chache duniani zaweza kulingana nayo. Kazi ya kuwafikisha wasemaji wake kwenye fasihi hiyo ilikuwa ndiyo kwanza yaanza, nayo haikuwa kazi ya waandishi wa riwaya peke yao. Ilikuwa ya walimu wa vijijini, ya watunga kamusi na vitabu vya kwanza vya kusomea, na ya wachuuzi waliobeba vijitabu vya bei ndogo katika mikoba yao.